Dawa ya Magoti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, umekunywa chai yako, na miwani iko usoni, si kichwani huku ukiitafuta nyumba nzima. Mimi ni mzima na vidole vyangu vyote vipo, maana kwa mtu wa kazi hii hiyo ndiyo habari ya kwanza ambayo mama yake anataka kusikia. Mgongo unaniuma kidogo, lakini tumeshazoeana. Msalimie sana dada. Msalimie na jirani yako mpenda habari, ingawa nakuomba barua hii usimsomee.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, wewe mwenyewe unajua. Nikiulizia kuku, unanisikia vizuri mpaka pumzi. Nikianza kumtaja Kaka tu, mtandao wa kwako unaharibika ghafla. Karatasi haina mtandao. Kwa hiyo vaa miwani, kaa chini, soma mpaka mwisho, halafu ndipo unikasirikie.

Kazi inaendelea. Bado tuko kwenye shamba la paini kule juu, na ile mashine yetu ya kupasulia mbao, ya magurudumu, tumeivuta mpaka pembeni ya korongo ambako magogo yanashuka yenyewe. Sitakuficha, kazi naipenda. Gogo likishalala kwenye kitanda cha mashine nalizungusha kwanza nilitazame, nione limepinda wapi na vifundo vyake vimekaa upande gani. Natoa mabanzi, yale ya nje yenye magome, ndipo napasua mbao huku nikiukwepa moyo wa gogo. Ubao wenye moyo ndani leo umenyooka, kesho umejikunja kama mkia wa mbwa. Zikishatoka nazipanga kivulini, katikati yake vijiti ili upepo upite, nazikandamiza kwa mawe, nazisubiri. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Kupasua hata mlevi anaweza.

Lakini hapa siku hizi panatia kinyaa, Mama. Si utomvu, huo nimeuzoea, hata uji nakula unanukia utomvu. Ni watu. Mimi napasua na Kaka anauza, ndivyo tulivyokubaliana tangu mwanzo. Basi Kaka akagundua kwamba kusubiri hakumfai. Alianza kuuza mbao zikiwa bado mbichi, ukizibana zinatoa maji. Akaja kuokota magogo ambayo wengine waliyaacha yakalala mvuani mpaka yakaota ukungu wa buluu, akataka niyapasue hayo hayo. Mbao zilitoka zinanuka kama tambara la jikoni lililosahaulika kwenye ndoo. Nilipomwambia zinanuka, alinijibu kwamba mteja ananunua kwa macho, hanunui kwa pua. Mnoa misumeno wetu, ambaye nikimsikia akiongea huwa najua leo kuna jambo, alisema yeye hanoi msumeno wa kukatia uozo, akajifungia kibandani kwake. Nilipasua mimi, Mama. Nilipasua huku nimefunga leso puani, na kila ubao ulivyokuwa unadondoka nilikuwa nauonea aibu.

Sasa ngoja nikueleze habari ya dawa, maana yote yameanzia kwenye neno hilo. Paini ni laini na tamu. Usipoitia dawa, mchwa na bungua, wale wadudu watoboao mbao, wanaishukuru. Ndiyo sababu mbao za paa hupelekwa kwenye mtambo, zikafungiwa ndani ya tangi, na dawa ikasukumwa kwa nguvu mpaka iingie ndani kabisa ya ubao. Zikitoka huko zina rangi ya kijani. Watu wakishaona kijani wanatulia, wanaita mbao za dawa, wanatoa pesa. Hawaulizi dawa imefika wapi. Wananunua kijani.

Mbao za paa lako nilizipasua mimi mwenyewe, na nilizichagua kama anayechagua mchumba. Magogo yaliyonyooka, vifundo vichache, moyo nje. Nilizikausha taratibu bila haraka. Miisho yake niliipaka ile rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka mlango wako, ili zisipasuke zikikauka, na wenzangu wakanicheka sana, wakasema nampaka bibi harusi kucha. Nikawaambia ndiyo, bibi harusi ni mama yangu. Zilipokuwa tayari Kaka alikuja na lori. Alisema atazipeleka mwenyewe kwenye mtambo zitiwe dawa, kisha azilete kwako moja kwa moja, nisijisumbue. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Nikikumbuka ile shukrani, natamani kuirudisha tumboni.

Kisha ukanipigia simu. Ulikuwa na furaha hiyo, Mama, nilikuwa sijakusikia hivyo tangu msiba wa Baba. Ukanisimulia kwamba mvua iliwawahi mafundi kabla hawajapiga mabati, na maji yakashuka kwenye mbao yakiwa ya kijani kibichi, na wewe, kwa kuwa Kaka alishakuambia mbao hizo zina dawa, ukakinga beseni. Beseni likajaa, ukakinga ndoo, ukajaza na dumu. Ukaniambia kwamba tangu hapo kila asubuhi unayasugua magoti kwa maji yale, na magoti yamelegea, sasa unainuka bila kushika ukuta. Jirani umempa chupa apake kiuno. Ukasema Kaka amekujengea paa na amekuponya, vyote kwa pamoja, na mimi je, nimekufanyia nini.

Mama, nilikaa chini pale pale kwenye pumba za mbao. Dawa ya mbao ni sumu! Imetengenezwa iue, haina muda wa kuuliza huyu ni bungua au hili ni goti la mama wa mtu. Nilikuambia uache hapo hapo, nikapiga kelele hata mashine nikaizima, na wewe ukasema mtandao mbaya. Ulisema hivyo, Mama, nakumbuka.

Nilimkimbilia Kaka nikiwa na nguo za kazi. Nilimkuta sebuleni kwake, miguu juu ya kistuli, anachokonoa meno. Nilimweleza kwamba unajipaka sumu, tukukimbize hospitali. Unajua alifanya nini? Alicheka. Alicheka mpaka akafuta machozi. Akaniambia nitulie, hamna sumu pale kwa sababu hamna dawa pale. Ni rangi ya kutilia nguo, ile ya unga ya kwenye pakiti. Anaikoroga kwenye pipa nyuma ya stoo, anachovya mbao, anazianika, basi. Akasema hata ungeinywa usingeumwa, ungekwenda tu chooni kijani. Alisema hivyo juu ya mama yake, na kijiti kiko mdomoni.

Hapo ndipo nilipoona ajabu ya maisha haya. Kama mwanao wa kwanza angekuwa mwaminifu, kama angepeleka mbao zako kwenye mtambo kama alivyoahidi, wewe sasa hivi ungekuwa umeungua ngozi au mabaya zaidi. Umenusurika kwa sababu ni mwongo. Nilishindwa kujua nimshukuru au nimtapikie.

Nikageuza uso nisimwangalie. Ukutani amepigiwa rafu mpya, ndefu, za kupendeza, zimepigwa msasa na vanishi. Mbao zake hazina kifundo. Nikasogea. Kwenye ncha ya rafu ya chini, pale ambapo fundi hakufikisha vanishi, palikuwa na rangi nyekundu. Rangi ya mlango wako. Na juu ya rafu hiyo, Mama, katikati kabisa, ameweka picha yako kwenye fremu, umevaa lile gauni lako la maua.

Akajieleza mwenyewe. Alisema mbao nzuri namna ile kuziweka juu ya dari ambako hakuna wa kuziona ni kuzipoteza. Alisema wewe umri umekwenda, na mbao zozote zitakutosha. Hilo la kutosha ndilo lililonifanya niandike barua hii. Kwa hiyo zilizo juu ya kitanda chako sizo nilizokupasulia. Ni zile mbichi za ukungu, zenye moyo ndani, zimevikwa rangi ya nguo. Zitajikunja, misumari itang'oka, na mchwa hawatakuwa na haraka, kwa sababu mlango wameshafunguliwa.

Wakati natoka aliniita. Akanipa chupa nikuletee, kwa kuwa uliagiza uongezewe dawa, ile ya kwenye dumu imekaribia kuisha. Alishaikoroga. Alikuwa ameandaa kabisa, na kifuniko amekaza vizuri. Kitu kama hicho kimetoka tumbo moja na mimi! Niwie radhi, Mama, hilo tumbo ni lako.

Najua hutaniamini. Tangu utoto nikimsema Kaka unaniambia namwonea wivu kwa kuwa mimi ni kitindamimba. Basi usiniamini. Chukua kisu cha jikoni, nenda mlango wa nyuma, pale ncha ya ubao wa paa inapojitokeza. Kwangua. Ubao wa dawa ni wa kijani hata ukikwangua kwenda ndani. Ukiona kijani kimeishia kwenye ngozi na chini yake kweupe, utajua. Ubao ukiwa wa kijani mpaka ndani, nitakuja nimpigie Kaka magoti mbele yako na mbele ya jirani yako.

Ukiwa mweupe ndani, nakuomba ulale chumba cha zamani, kile ambacho paa lake halikuguswa, mpaka nifike. Na sasa nikuambie lile nililokuwa nalizungukia. Leo asubuhi, kabla Kaka hajafika kazini, nimefungua msumeno wa mashine, ule mrefu wa mkanda, nimeukunja na kuufunga kamba, na wa akiba pia. Nimeketi juu yake nikikuandikia. Wateja wake wako pale chini wanapiga honi. Mashine haitapasua hata kijiti mpaka paa lako lifumuliwe, na akitaka kunishitaki aende akaeleze huko alichokuwa akikoroga kwenye pipa. Nimepata mbao nyingine nilizozipasua na kuzikausha mimi. Nimezipeleka mwenyewe kwenye mtambo na nimesimama mlangoni mpaka zikatoka. Nakuja nazo. Hizo ndizo zenye dawa kweli, Mama, kwa hiyo mvua ikinyesha tena mafundi wakiwa juu, nakusihi, hata kidole usichovye. Na jirani naye umfukuze na chupa yake.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na kuku, kwa kuwa ndio tunaosikilizana. Lile dumu limwage nje ya ua, mbali na nguo nyeupe.

Usihuzunike sana juu ya magoti. Kaka hakukuponya kwa chochote. Kila asubuhi ulikaa ukayasugua kwa muda mrefu, na hicho ndicho kilichoyalegeza. Endelea, ila tumia maji ya moto tu. Aliyekuponya ni mikono yako mwenyewe, Mama. Yeye alikupaka rangi.

Mimi mwanao akupendaye,
Kitindamimba wako