Madawati Kumi na Mawili

Mdogo wangu,

Huku wazima. Mgongo wa mama ndio ule ule, na paka wako kazaa tena stoo.

Serikali imeniweka kwenye orodha nyeusi, nisiombe zabuni miaka mitano! Kati ya madawati mia nne niliyowatengenezea, kumi na mawili miguu ilipungua upana wa kidole, nikayarekebisha wiki ile ile. Fundi mwenzangu paa lake la darasa limeng'oka kwa upepo wa kwanza, kapewa onyo tu.

Nikamfokea karani wa zabuni, "Kosa la kidole, mnakata mkono?"

"Mama, kosa ni kosa."

Nikakukumbuka. Ndivyo nilivyokuambia ulipokata ubao mmoja vibaya, nikakufukuza karakana. Mwaka wa saba huu.

Msumeno wako nimeutia makali. Rudi.

Dada yako