Breki za Damu

Dada Chebet,

Kuna sauti moja haijanitoka: patipati zako kwenye sakafu ya saruji, wiki ile ya mwisho. Mguu wa kulia ulipiga pa, wa kushoto ukaburuta. Pa, shrrr. Pa, shrrr. Ulikuwa umembeba mtoto mchanga ukitoka jikoni, nami nikakuuliza mguu una nini. "Umechoka kunibeba," ukasema, ukacheka.

Mtoto sasa anatembea. Anashika ukuta wa duka lako pale Cheptiret na kumwita kila mtu wa boda "baba." Shemeji hana raha. Bado anauza spea, ila hajui kuwatania wateja kama wewe.

Ni katika duka hilo nilikokueleza kazi yangu ya maabara. Nilisema damu ikimwagika lazima igande, la sivyo mtu ataisha. Lakini ndani ya damu hiyo hiyo kuna vitu vinavyoizuia isiendelee kuganda mpaka izibe mishipa. Ukashusha pedi za breki kutoka kwenye rafu ukaniwekea mkononi. "Si useme tu breki, Daktari wa Chupa. Maneno yote hayo ya nini?" Tangu siku hiyo hata wenzangu maabara wanaviita breki.

Sasa fedha za maabara zinaisha. Wafadhili wa kwanza walijibu kwamba swali letu ni zuri ila liko mbali na wagonjwa. Tukapata wengine wa kuwaandikia, na Profesa wangu, ambaye ni mtu mwema, akaniita hapa mjini ofisini kwake. "Dada yako alifariki baada ya kujifungua. Mweke ukurasa wa kwanza. Wakimwona, watafungua mkono." Tukikosa, friza zitazimwa, na damu tuliyopewa na akina mama wodini itamwagwa.

Nikaandika. Nilikuandika vizuri, Dada, nikalia. Damu iliganda mguuni, nikasema, bonge likapanda hadi kwenye mapafu, likamuua. Kisha nikaisoma tena ile sentensi. Nani aliliona hilo bonge?

Hukuwepo, kwa hiyo nikuambie. Daktari aliomba mwili ufanyiwe uchunguzi. Baba Mkubwa akasimama: "Mtoto wetu ameumia vya kutosha. Hakatwi." Mama akaitikia kwa kichwa. Siwalaumu. Hata mimi sikutaka kisu kikuguse. Tukakuzika bila kukupasua, na jibu likabaki ndani yako.

Nadhani zilikuwa breki. Mguu ule, kifua kilichokubana ghafla, na zile wiki baada ya kujifungua ambapo breki za mwanamke huwa zimelegea... yote yanaelekea huko. Lakini mimi kazi yangu ni kutenganisha nadhani na najua. Nikivichanganya kwa ajili yako, nitavichanganya kwa ajili ya nani mwingine kesho?

"Si uongo," Profesa akaniambia. "Ni uwezekano mkubwa."

"Basi tuandike uwezekano."

Akanijibu: "Uwezekano haumlizi mtu."

Alisema kweli. Nimelifikiria neno hilo nikifua, nikiwa kanisani, nikiwa njiani kwenda Kesses kufundisha. Nimejiuliza kama ninajivunia usafi wangu huku akina mama wengine wakiburuta miguu wodini. Huenda. Lakini kila nilipojaribu kuirudisha ile sentensi, ulikuwa si wewe tena. Ulikuwa mwanamke fulani maskini asiye na duka wala matusi ya utani, aliyekufa kwa namna inayofaa.

Pumzika, Dada. Mtoto wako atakapokua na kuniuliza, nitamwambia ninachokijua na nisichokijua, nami sitaacha kutafuta, kwa friza zetu au kwa za watu. Ombi nimeshalituma, Jumatatu asubuhi. Ukurasa wa kwanza unaanza na swali. Wewe sikukuweka humo.

Mdogo wako,
Jerop