Pistoni zinazong'aa

Jumanne, rasharasha. Milima ya Uluguru haijaonekana toka asubuhi, wingu limeshuka mpaka kwenye migomba ya hapa Bigwa. Hata mimi leo sitaki kuonekana.

Nina hasira, ila mdomo sina. Ndo maana naandika hapa.

Bosi wangu, Fundi Chande, ana miaka ishirini kwenye gereji na bado haijui pistoni. Nimeshaandika, basi. Anavaa miwani ya jua humo ndani kwenye giza, anaongea na wateja kama anahubiri, ila injini nafunga mimi. Yeye kazi yake ni kung'arisha.

Iko hivi. Pistoni mpya siku hizi nyingi zinakuja na rangi nyeusi imepakwa ubavuni, huku na huku. Sio uchafu. Imewekwa kiwandani ili pistoni iteleze, isisagane na ukuta wa silinda, hasa asubuhi injini ikiwa ya baridi na oili bado haijafika kila mahali. Mi sijasoma, niliishia darasa la tano. Nimejua kwa kufungua injini na kuangalia. Kuna pikapu tuliifunga bosi akiwa msibani, ile rangi sikuigusa. Iliporudi na shida nyingine nikachungulia. Rangi ipo, ukuta msafi. Nyingine bosi alizipiga msasa pistoni zake. Haikumaliza hata msimu mmoja wa maharage, pistoni zimechubuka kama magoti ya mtoto. Bosi akasema oili mbovu.

Kila siku oili mbovu.

Leo ilikuwa zamu ya Mzee Kobelo, analima kabichi huko juu mlimani. Pikapu yake ndo inashusha mboga za nusu ya kijiji, na jioni inapandisha akina mama wamekaa kwenye magunia matupu. Ile njia tunaijua wote. Injini ikinoki, ikakamata na kuzima pale kwenye kona za juu, gari linarudi nyuma na watu wake.

Pistoni nne mpya mezani. Bosi katoa msasa na kitambaa chake cheupe, kaanza kusugua mbele ya mzee. Kwetu ndo desturi, mteja lazima aone pistoni inang'aa, asipoona anajua kapewa mtumba.

"Sasa hiyo ndo pistoni," mzee anasema. "Ile nyeusi nilidhani mmeitoa jikoni."

Yaani mmoja anaharibu, mwingine anashukuru. Mungu anisamehe, mzee mwenyewe kila akija ananiletea karoti.

Nikajikaza. "Bosi, hiyo rangi ni ya kazi."

Hata miwani hakuvua. "Ya kazi gani? Mzee, huyu dogo ndo injinia wetu. Kasomea chuo cha Mzumbe, pale getini."

Gereji nzima ikacheka. Mpaka muuza kahawa, mtu ambaye hata baiskeli hana.

Na mimi nikatabasamu.

Hapo ndo najidharau kuliko ninavyomdharau yeye. Yeye hajui. Mimi najua, halafu nacheka nao.

Alivyomaliza mbili simu ikaita. Akaniambia nimalizie zilizobaki, nifunge injini, mzee anaifuata kesho saa mbili asubuhi. Akaondoka na kitambaa chake begani kama kinyozi.

Zile mbili sikuzigusa. Lakini hizi alizokwangua hazirudi zilivyokuwa, hata nizipake nini. Nilikaa nazipima kwa kidole, moja ya kwake, moja safi. Nikifunga tu, hakuna atakayejua. Ikinoki, oili mbovu. Hata jina langu halitatajwa.

Sijafunga.

Nimeacha bloku ya injini wazi, nimeifunika na gunia safi. Zote nne nimezipanga mezani, mbili zinang'aa kijinga na mbili nyeusi. Na kuna pistoni moja ya ile injini iliyokufa kwa msasa wa bosi, niliificha kwenye boksi la spana zangu, nilikuwa sijui naitunzia nini. Kesho namwekea mzee mkononi. Mpini wa jembe ukianza kuchubua kiganja anaujua, na huu mchubuko ataujua. Halafu namwambia zinatakiwa mpya mbili, na hizo asikubali mtu azisugue.

Bosi atakuwepo na miwani yake. Labda keshokutwa nitakuwa natafuta gereji nyingine, na mimi kuomba kazi ndo siwezi kabisa.

Nimejifanyia mazoezi hapa chumbani, kwa sauti ndogo, mwenye nyumba asinisikie.

Shikamoo mzee, hiyo naiweza vizuri. Shida yangu inaanzaga akishasema marahaba.