Bwana Ngojeni Amepasuliwa Tena

Nkome

Mabula, mdogo wangu wa tumbo moja,

Mwangaluka. Huo mguu uliopooza umeanza kukutii, au bado unauburuta kama wa kuazima? Mimi nipo. Kifua kinakohoa, na macho ni yaleyale, mekundu. Moshi wa kubanikia samaki hauyasaidii.

Nilitaka kukutumia zawadi. Niliposikia hutaweza tena kuigiza, nilifumua sweta langu la kijani, nikanoa spoku mbili za baiskeli, nikaanza kukufumia mdoli wa Bwana Ngojeni. Yule mpima pamba wako: tai hadi magotini, mwavuli wakati wa kiangazi, na tumbo lililonenepa kila mkulima alipoleta gunia. "Ngojeni kwanza!" ukisema, Didia nzima inaangua kicheko. Lile tumbo nilikushonea mimi. Hili dogo nalo nililijaza pamba.

Nilikuwa nafumia mlangoni, penye mwanga. Jirani yangu Mama Shija, mwanika dagaa, akasimama.

"Shikamoo, bibi. Huyo unayemzungushia nyuzi ni nani?"

"Marahaba. Ni Bwana Ngojeni, wa maigizo yetu ya zamani."

"Mbona ana tumbo kama la mume wangu?"

"Wenye matumbo ni wengi, mwanangu," nikacheka.

Yeye hakucheka. Kesho yake mumewe akashikwa na homa, tumbo likavimba.

Wakaja kwangu wengi, mwenyekiti wa kitongoji akiwa mbele. Mama Shija alikuwa analia: "Mfungue mume wangu!" Nikaeleza kuwa ule ni mchezo tu. Walipokosa kunielewa nikainuka, nikatoa kitambi ambacho sina, nikaigiza: "Ngojeni kwanza!" Mabula, sauti yako ilinitoka sawasawa. Watu wakarudi nyuma. Kijana mmoja akanong'ona, "Mmesikia? Anatutishia."

"Bibi," mwenyekiti akasema, "mpasue tuone."

Nikampasua. Pamba ikamwagika, hapakuwa na unywele, wala ukucha, wala kipande cha nguo ya mtu. Ndivyo mchezo wetu ulivyokuwa unaisha, wakulima wakilipasua tumbo na akina mama wakipiga vigelegele. Hapa waliitazama pamba, kisha wakayatazama macho yangu mekundu. Nikafumua na kilichobaki, kofia mpaka miguu, mbele yao, hadi ukabaki uzi mtupu.

Mume wa Mama Shija alitibiwa zahanati, amepona. Lakini mkewe siku hizi hupita njia ya nyuma, na juzi nimekuta mlango wangu umechorwa msalaba wa mkaa. Unaijua alama ile ya kumtangaza mchawi. Ndiyo iliyonitoa Didia, nawe ukanisindikiza hadi barabarani, godoro langu kichwani mwako.

Uzi nimeuviringa, utaletewa na mchuuzi wa dagaa. Nisalimie wifi yangu anayekulisha kwa mkono wake, na yule binamu yetu fundi baiskeli, aliyekuwa akitupigia ngoma ya kufungulia mchezo.

Nakuuliza jambo moja, usinionee huruma. Hao wazee waliobaki hapo nyumbani, nikitajwa, wanakumbuka lile tumbo nililolishona au wanakumbuka macho? Kama ni tumbo, mwambie wifi aniandikie, nitafunga mizigo siku hiyohiyo. Kama ni macho, msiniandikie kitu. Kimya chenu nitakisoma.

Dada yako,
Nyamizi