Mama mkwe kagomea Landrova yangu

Mpwa wangu Kulwa,

Tumefika Mishamo, matope mpaka masikioni. Nilitaka kumleta mama mkwe wangu harusini kwa Landrova yangu, ile iliyomsukuma kiboko barabarani akaomba radhi. Kachungulia viti vya nyuma vinavyotazamana, walipokaa ndugu zangu, akang'aka: "Nigusane magoti na wakwe zangu? Mwiko!" Akapanda gari jipya la mwanawe Masanja, safu tatu zote zinatazama mbele. Njiani likakwama, nikalivuta kwa kamba mpaka huku, yeye kakaa humo humo. Kushuka tu, mama anasema nini? "Ahsante Masanja, mwanangu, gari lako halina hata mtikisiko!"

Kwa hasira, hata wali wa harusi sijaugusa. Nakuombea afya, mpwa, na wakwe wasio na gari.

Mjomba wako, Luhende