Mama Amelifua Bawa

Jumamosi, 7 Agosti 2004

Nimeruka! Upepo wa leo ulikuwa mwororo, unapanda kutoka bondeni bila kurukaruka. Nimepaa mpaka Mlima Meru ukawa uso kwa uso na mimi. Nikajipinda kushoto, nikajipinda kulia, basi. Bawa hili, parashuti pana ya kurukia kutoka kilimani, limetengenezwa kwa sarakasi za angani — dogo, jepesi, halina subira — lakini sarakasi zinataka ziwa chini yako, mtu wa kukungoja kwenye mtumbwi, na mwenzako wa kukupigia kelele ukikosea. Mimi chini yangu kuna migomba ya watu, na mwenzangu Romanus yuko Geita mgodini.

Kabla ya kuruka nilijikagua kwa sauti kama kawaida. "Miguu?" nikauliza. "Imefungwa," nikajibu. "Kifua?" "Kimefungwa." "Parashuti ya akiba?" "Pini ipo." Zamani maswali yalikuwa ya Romanus na majibu yalikuwa yangu. Tangu aondoke nafanya pande zote mbili. Ng'ombe wa Mzee Sifael wananitazama tu, wanatafuna.

Nikishatua sina haraka. Nililikung'uta bawa lote ili panzi watoke — panzi akifungiwa humo atatafuna kitambaa. Sikuliburuta hata kidogo. Nikalipeleka kivulini, nikapitisha kamba moja moja kwenye vidole kutafuta iliyochubuka. Halafu nikabandika mdomo kwenye kitambaa nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote. Hewa haikupita. Bado zima! Yule mzungu aliyetufundisha, kabla kampuni yake haijafungwa na yeye kurudi kwao, alituambia siku hewa itakapopita hapo, bawa tulifanye pazia.

Nimeliacha Akheri kwa mama, juu ya kabati, kwenye chumba cha marehemu baba. Chumba changu cha kupanga mjini, Engutoto, kimeingiliwa na panya, na panya hawajui sarakasi ni nini. Mama aliponiona asubuhi naelekea kilimani aliingia ndani akafunga dirisha, kama siku zote. Miaka minne naruka, hajawahi kuniangalia. Bawa analiita "lile shuka lako".

Alhamisi, 12 Agosti

Kazini. Tumeletewa mahema mengine ya kushona, yameoza zipu. Kampuni za utalii zinaota kila kona ya mji huu na zote zinakunja mahema yakiwa mabichi! Nimewaambia madereva mpaka mdomo umechoka.

Zamda, tunayeshona naye meza moja, aliuliza Jumamosi nilikuwa na nani. Nikasema na bawa. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Romanus kanibipu. Sikuwa na vocha.

Jumapili, 15 Agosti

Sijui nicheke au nijifiche.

Leo ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani Akheri. Kila mtu analeta kitu cha kazi yake: ndizi, maziwa, kahawa, kuku waliooshwa miguu. Baada ya ibada, mnada nje kama kawaida, na Mzee Sifael ndiye mnadi, maana ni mzee wa kanisa na sauti anayo. Mimi nilisimama nyuma, mikono mitupu.

Mara mama akasimama mbele ya watu wote. Akasema familia yake yeye Tabea mwaka huu haina cha shambani cha kujivunia, jua limekula kila kitu. Lakini ana mtoto, Abdiel, na kazi ambayo Mungu amempa mtoto huyo peke yake katika Meru nzima ni kuruka. Kwa hiyo anatoa hiyo.

Watu wakaangua kicheko. Mzee Sifael akauliza kama kitu hicho kinanadika. Mama akamjibu kwamba hata hewa imeumbwa. Basi wakakinadi! Kwaya ikajichanga, vijana wakajichanga, kina mama wakawapiku wote, sadaka ikaingia kwenye bati la kanisa. Jumamosi tarehe 28 usharika mzima unakuja malishoni kuniona. Limeshapita, halirudi.

Mama yangu! Aliyekuwa anafunga dirisha!

Tukirudi nyumbani nilimbebea kiti chake. Njiani akaniuliza.

"Ukiwa kule kilimani, nani anakushikia?"

Nikasema zamani Romanus alikuwa anashika ncha ya bawa mpaka lijae upepo. Sasa upepo wenyewe unanishikia.

"Upepo si mtu, baba," akasema.

Jumatano, 18 Agosti

Siku nzima nimeshona nikiwa na furaha ya kijinga. Nimejikuta nawaza nitakavyopita juu ya vichwa vya wale walioniita kichaa. Nitapita taratibu, bila mbwembwe. Mama ataniona.

Jumamosi, 21 Agosti

Niandike polepole.

Nimefika Akheri saa nne. Shikamoo mama, marahaba baba, hujambo, uso wake unang'aa kama siku ya kipaimara changu. Akasema nisikae, niende nyuma ya nyumba nikaone.

Bawa langu limetandazwa juu ya mibuni. Lote. Juani. Tangu Alhamisi!

Amelifua. Amechemsha maji sufuria kubwa la harusi, akamimina sabuni ya unga pakiti nzima, akawaita wenzake wawili wa kwaya, wakalisugua kwa brashi, upande huu na upande ule, mpaka madoa ya majani na mavi ya ng'ombe yakatoka. Kamba zilikuwa zinawasumbua kwa kujifunga, kwa hiyo amezisuka. Amezisuka! Misuko mizuri, imekaza, kama ya binti anayepelekwa shule ya bweni.

Akaniambia kitu cha sadaka hakipelekwi kichafu mbele za Mungu. Kama kuku anaoshwa miguu, itakuwa shuka? Akanionyesha mikono yake. Ngozi ya vidole imebabuka kwa sabuni.

Nilitaka kupiga kelele. Kweli nilitaka. Maji baridi, mama, sifongo, basi! Sabuni hapana, brashi hapana, jua hapana! Miaka minne nimelilinda kama yai, na wewe ndani ya siku tatu — lakini hajui. Nani alimwambia? Mimi sikuwahi kumwambia chochote kuhusu bawa hili, maana hakuwahi kuuliza, na alipouliza Jumapili ile nilimjibu habari za upepo tu.

Nikasema asante, mama. Akanipa chai ya maziwa. Nikakaa kivulini nikaanza kufumua misuko.

Jumapili, 22 Agosti

Baada ya kanisa nilijifungia chumbani kwa baba. Nikabandika mdomo. Nikavuta.

Hewa ilipita. Imepita kama kwenye khanga.

Nikajaribu katikati, pembeni, juu, chini. Inapita kote. Kitambaa chenyewe hakilii tena ukikikunja, kimelegea, laini, kinanukia sabuni. Rangi ndiyo imekolea — halijawahi kuwa zuri hivi. Nimelia kidogo. Sikulilia bawa tu.

Mama aligonga mlango akauliza kama limekauka vizuri. Nikasema limekauka.

Jumanne, 24 Agosti

Nimenunua vocha nikampigia Romanus. Kelele za mashine nyuma yake. Nikamweleza yote, akacheka nilipofika kwenye misuko.

Halafu akasema nililolijua. Bawa linalopitisha hewa laweza kukaa juu yako limefunguka kabisa, zuri la kupiga picha, ila haliendi mbele. Linashuka na wewe kama gunia. Na hili langu limeshapindwa sana hewani, kamba zake zimevutika, halina ziada ya kusamehe.

Nikasema sitacheza. Nitaruka moja kwa moja, kutoka kilimani mpaka malishoni, kitu cha muda mfupi tu. Parashuti ya akiba si ninayo? Akasema kwa kimo kile parashuti haitawahi hata kufunguka. Nikaanza tena na labda, na huenda.

"Abdi," akasema, "acha kuniuliza kitu ambacho umeshajijibu."

Nikamuuliza kama anaweza kupata bawa lingine, popote. La kwake aliliuza alipokwenda mgodini, najua, lakini nikauliza. Akasema hana. Akasema pia kwamba hata ndoto za kuruka zimemwisha, siku hizi anaota mashimo. Salio likakata hapo.

Nimekaa na simu mkononi. Katika nchi hii nzima yeye ndiye alikuwa ananielewa ninaposema bawa, na hata yeye ameshashuka.

Alhamisi, 26 Agosti

Zamda aliniona nimeshona zipu nje ndani. Akanivuta sikio. Nikamwambia.

Akasema mwambie mama yako, yamekwisha. Nikasema siwezi, amejitolea mbele ya usharika, na mikono yake imebabuka. Nikimwambia, ndiyo itakuwa mara ya mwisho anagusa kitu changu. Atafunga lile dirisha na hatalifungua.

Zamda akakata uzi kwa meno. Akauliza naogopa kumuumiza mama, au naogopa kwamba bila bawa sina pa kwenda Jumamosi.

Nikamjibu vibaya. Jioni nikamuomba radhi, akasema yameisha. Lakini swali halijaisha. Jumamosi zangu zote zimo ndani ya mfuko ule. Nikiwa hewani sikumbuki kwamba hakuna anayeningoja Engutoto. Nikitua ndiyo nakumbuka.

Ijumaa, 27 Agosti

Kesho nitamwambia asubuhi, kabla watu hawajafika.

Jumamosi, 28 Agosti

Sikumwambia.

Nilimkuta ameshavaa kitenge cha kwaya, amepika pilau ya wageni, amewapanga majirani mpaka waliotoka kijiji cha Kikwe. Ningesema saa ngapi? Akanifunga mfuko mgongoni mwenyewe, akaupigapiga vumbi. Nikapanda kilima.

Sasa niko juu. Naandika juu ya goti, kiti cha mikanda nimeshakivaa na kofia ngumu iko kichwani. Upepo ni mzuri mno, kama wa tarehe saba. Ningefurahi ungekuwa mbaya! Ungenisaidia kusema.

Nimelijaribu mara mbili hapa kilimani bila kuondoka ardhini. Zamani ukilivuta linaruka juu ya kichwa kama mbuzi. Leo linapanda kwa uvivu, linabaki nyuma ya mabega, linanivuta nyuma. Mara ya pili nililazimika kukimbia mpaka karibu na ukingo ndipo likakaa juu, na ncha zake zikiwa zimelala. Nililiangusha. Chini kule walipiga makofi. Wanadhani ndiyo mchezo wenyewe umeanza.

"Miguu?" "Imefungwa." "Kifua?" "Kimefungwa." "Bawa?"

Nimerudi kwenye miguu, nimeanza upya.

Nawaona wote. Kwaya imejipanga, wanaimba, sauti inafika huku. Mzee Sifael kashika fimbo yake kama anataka kunadi tena. Na mama kasimama mbele ya wote, mkono juu ya macho, anaangalia juu. Anaangalia! Naweza kukimbia sasa hivi. Labda litapaa. Ni pafupi. Labda litafika, na ataniona nikipita juu yake, na baada ya hapo nitalikunja na sitaruka tena na hatajua kamwe. Labda.

Kuna mtu katoka kwenye kundi.

Anapanda kilima. Mzee Sifael kamfuata, kamshika mkono, mwenyewe kauchomoa. Ni mama. Na magoti yale! Anashika nyasi. Anapumzika, anapanda. Kwaya imeacha kuimba. Ameinua uso, amepiga kelele kwa sauti ya sokoni.

"Ngoja! Nakuja kukushikia!"

Basi ndivyo alivyokuwa anawaza tangu siku ile ya mavuno. Hakupenda nishikiwe na upepo.

Nimekaa chini. Nimefungua kifua. Sheria yetu na Romanus: miguu inafungwa ya kwanza, inafunguliwa ya mwisho. Nimefungua mguu wa kushoto. Wa kulia bado, kidole kiko kwenye kifungo.

Amefika. Anahema, kitenge kimeng'ang'aniwa na miiba. Hakunisalimu. Amekwenda moja kwa moja kwenye bawa, ameinama, ameshika ncha kwa mikono yote miwili, vidole vyake vile, na amerudi nyuma hatua moja kulinyoosha, kama tulivyokuwa tukikunja mashuka nikiwa mdogo, yeye ncha ile na mimi ncha hii.

Anauliza naandika nini, na tuanzie wapi. Nimefungua mguu wa kulia; tutaanzia kwenye maji ya sabuni.