Nyumba Namba Ishirini na Saba

3 Machi

Kwa binti yangu Kifutio,

Habari za huko na za kazi? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanung'unika kila nikipanda ngazi, lakini silisikilizi, maana nikilisikiliza, la kulia nalo litaanza.

Bila shaka ofisini kwenu mmeshajua: bajeti imepita, barabara yetu inapanuliwa iwe ya njia nne. Ofisi ya barabara ilitafuta mtu wa kupaka X nyekundu na namba kwenye nyumba arobaini na tatu zitakazovunjwa upande wetu. Wakaniita mimi. Wangemwita nani mwingine? Mabango yote ya hapa, kuanzia kwa kinyozi hadi kwa muuza vitambaa, ni ya mkono wangu. Fundi viatu kaninunia. Anasema kwanza nilimchorea kiatu, sasa namchorea kaburi. Nikamwambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Alicheka, ila kwa shida.

Unazikumbuka X za miaka tisa iliyopita. Zilipakwa, fedha hazikuja, watu wakabaki nazo ukutani mpaka mwaka juzi tuliporuhusiwa kuzifuta. Benki haikopeshi mwenye nyumba yenye X, na mteja akiiona anadhani umeshafunga. Fundi viatu hakuezeka upya kwa kungoja kuvunjiwa, akanyeshewa ndani kwake miaka yote hiyo. Safari hii nina njia yangu. Nitakuambia wakati wake.

Nyuma ya karatasi hii nimekuchorea mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, na namba na X zake, kama zilivyo leo. Itundike ujivune. Imebaki nyumba moja tu, nitaimaliza kesho.

Baba yako


14 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nina mafua, lakini yamepungua. Goti lako lisikilize, Baba, hata mara moja kwa wiki.

Mchoro wako nimeutundika juu ya meza yangu, na bahasha yake kando. Mkuu wangu wa kitengo alisimama akautazama, akasema hajawahi kuona X zilizopigwa pasi. Nikamwambia huyo ni baba yangu, hata kifo angekichora kwa rula.

Sasa nikutoe wasiwasi. Fedha zipo. Mimi mwenyewe ndiye ninayeandaa jedwali la mradi huu, na fidia ina fungu lake peke yake, halichanganyiki na la lami. Ila lina masharti mawili. La kwanza, lisipotumika mpaka mwisho wa mwaka wa fedha, linarudi Hazina, na likirudi hatujui litatoka tena lini. La pili, wathamini watakuja mwishoni mwa Aprili kupiga picha nyumba zenye alama. Waambie majirani wasisafiri.

Na hiyo njia yako ni ipi? Nikisikia una njia yako huwa naanza kuhesabu hasara.

Binti yako


22 Aprili

Kifutio wangu,

Marahaba. Mafua yakirudi, kunywa maji ya moto, usijifanye mganga. Huku mvua imenyesha siku nane mfululizo, na leo ndipo nakuambia siri yangu.

Ofisi ilinipa madebe manne ya rangi ya mafuta. Sikuyafungua. X zote nilizipaka kwa rangi ya maji, tena niliyoizimua. Nilijiambia, fedha zikija, nitarudia kwa rangi ya mafuta siku mbili tu. Zisipokuja, mvua itawasafishia watu kuta zao na hakuna atakayekaa miaka mingine tisa na alama ya msiba. Na mvua imefanya kazi yake. Kuta zote nyeupe. Wewe unasema fedha zipo, lakini hata mara ile tuliambiwa hivyo; nikiwaona wathamini kwa macho yangu ndipo nitarudia. Muuza vitambaa ameniletea kitambaa cha shati, na fundi viatu amenisamehe.

Nimeipenda kazi hii kuliko bango lolote nililowahi kuchora, na imefutika yote. Ajabu, sivyo?

Baba yako


26 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina salamu ndefu.

Wathamini walipita juzi. Hawakukuta X hata moja. Wameandika kwamba upande wetu hakuna nyumba yenye alama, wameondoka. Kupaka upya sasa hakusaidii. Alama zinazohesabika ni zilizopakwa kabla ya tarehe 31 Machi, kwa sababu kwingine watu walijipakia wenyewe ili walipwe. X ndiyo taarifa kwa mwenye nyumba, na asiyepewa taarifa halipwi. Nyumba zitavunjwa, Baba, na fungu litarudi Hazina.

Najua ulifanya kwa huruma. Nimekasirika hata hivyo, kisha nikakasirika kwa kuwa siwezi kukukasirikia vizuri.

Halafu nikainua macho, nikaona mchoro wako. Una tarehe kwa mkono wako, na bahasha ina muhuri wa posta wa tarehe 4 Machi. Nimempelekea mkuu wangu, nikamweleza waziwazi kwamba aliyechora ni mzazi wangu. Amesema niipelekee kamati ya fedha tarehe 12 Mei, karatasi yenyewe, si nakala. Mpima wa ofisi ya barabara atalinganisha na namba zake.

Lakini leo nimeutazama nyumba kwa nyumba. Namba 27, kwetu, kuna namba tu. Haina X. Ndiyo ile moja uliyosema utaimaliza kesho.

Kalamu nyekundu iko hapa mezani. Ni mistari miwili. Sijaigusa, lakini naitazama tangu asubuhi. Kibanda hicho ndicho ulicho nacho, Baba. Niambie nifanye nini.

Binti yako


2 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Kwanza nimekwenda kwa majirani wote, mmoja mmoja, nikawaambia nilichokifanya. Kinyozi alinisikiliza huku akininyoa, wembe shingoni mwangu. Sijawahi kutulia kiasi kile.

Sasa namba 27. Unaujua ukuta ule. Bango lake sikulichora mimi, alilichora marehemu mama yako mwaka tulipofungua kibanda cha mabango, akiwa na mimba yako. HAPA HATUSEMI NJOO KESHO. Herufi zinapanda kama zinakwenda sokoni, na J imelala chali. Ndilo bango pekee lililopinda barabara nzima, na ndilo watu wanalolikumbuka. Nilisimama mbele yake na brashi nyekundu nikashindwa. Nikasema nitaipaka mlangoni, nisimguse. Nikasema kesho. Kesho yake goti likauma, kesho kutwa nikapata bango la haraka. Mimi, mbele ya maneno yale, nilisema kesho mpaka mvua ikaja.

Nimeumia, sitakuficha. Lakini weka kalamu chini. Kwenye karatasi ile X arobaini na mbili ni za kweli. Ukiongeza moja ya uongo, zote zitakuwa na shaka, na mpima si kipofu. Nyumba za watu tayari nimezifuta mara moja, sitazifuta mara ya pili. Ulipokuwa mdogo nilikuita Kifutio kwa sababu ulikuwa unafuta mistari yangu. Kuongeza hukuwahi.

Ipeleke kama ilivyo. Mikono yangu miwili ipo, na brashi hazijaota mvi.

Baba yako


13 Mei

Baba,

Shikamoo. Jana kamati ilikubali.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani mizito, aliiweka karatasi mezani akaifuata kwa kidole kutoka nyumba ya kwanza. Mpima akawa anasoma namba zake, na kila moja ilikaa mahali pake. Mwenyekiti alipofika 27 alisimamisha kidole, akaniuliza hii ni ya nani. Nikasema ni ya aliyechora. Alivua miwani, akanitazama. Kisha akasema, "Basi hizi nyingine naziamini."

Fungu halirudi Hazina. Nyumba arobaini na mbili zinalipwa kabla ya mwezi ujao kwisha. Namba 27 wameiandikia barua yake. Inasema mwombaji afike tena mwaka ujao wa fedha. Yaani njoo kesho, Baba. Nilitoka nikalia kwenye ngazi, kisha nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniletea maji.

Kalamu nyekundu nimempa mkuu wangu. Sitaki kuiona.

Binti yako


20 Juni

Kifutio,

Marahaba, na pole kwa ngazi. Mimi mzima, goti limezoea.

X za rangi ya mafuta nimemaliza kuzipaka, mpima akiwa nyuma yangu. Ya kwetu nimeipaka ya kwanza, mlangoni, kabla ya chai. Watu wamelipwa. Mwaka ujao nitapanga foleni yangu kama mwenzangu yeyote, na barua ya kamati nimeitilia fremu.

Kubomoa kulipokaribia, fundi mwashi wa namba 31 alikuja na vijana wake, hajaitwa na mtu. Fundi viatu akashika ngazi, kinyozi akaleta mkokoteni. Waliukata ukuta wa mama yako tofali kwa tofali, nikayaandikia namba kwa chaki, wakaujenga upya nyuma ya mstari mpya wa barabara, kwenye chumba nilichopangishwa na muuza vitambaa. Nilisimama kando kama bwana harusi, sikuruhusiwa kubeba kitu.

Ila tofali la mwisho lilivunjika njiani. Bango sasa linasomeka HAPA HATUSEMI NJOO. Tangu asubuhi wateja wawili wamesoma, wakapita.

Nimejaribu kuliandika mwenyewe neno lililopotea. Siwezi. Miaka arobaini ya kunyoosha herufi, mkono umekataa kupinda. Nimeandika mara tatu, mara tatu limetoka limenyooka kama askari, nikafuta.

Mwandiko wako ni wa mama yako, nauona kwenye kila barua, hata J yako inalala. Panda basi uje uniandikie. Rangi nimeshaichanganya, brashi yake nimeiloweka.

Baba yako